KUMZURU MGONJWA NA KUMDHURU MGONJWA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Twamhimidi Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanadamu akampa pumzi, na idadi ya pumzi hizo akaijua Yeye peke yake. Na twamsalia Mtume wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa viumbe, pamoja na aali zake na masahaba zake wote.

Amma baad: Enyi ndugu zetu Waislamu, wenyeji wa mwambao huu. Karatasi hizi chache tumezikusudia jambo moja ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni homa ya mafua, pamoja na maradhi yanayoifuata nyuma yake, yaani kichomi cha mapafu, ambacho madaktari hukiita nimonia. Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni kuwa mafua hakuna asiyeyajua, na kitu kikizoewa hudharauliwa. Ya pili, ni kuwa sisi Waislamu tuna ada nzuri tuliyofunzwa na Mtume wetu (S.A.W.), ada ya kwenda kuwazuru wagonjwa; na ada hii, mtu asiyezichunga adabu zake huigeuza ikawa shari. Katika lugha yetu neno kuzuru na neno kudhuru yamekaribiana sana katika kutamkwa. Na katika wodi za hospitali vitendo viwili hivyo vimekaribiana vile vile, hata mtu aweza kutoka nyumbani kwake kwa nia ya hiki akarudi ametenda kile.

FASILI YA KWANZA
Katika kueleza mafua ni nini na kichomi ni nini

Jueni, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba mafua yako namna nyingi. Yako mafua mepesi, mtu hupiga chafya na kutokwa na kamasi, na kazi zake akazifanya kama kawaida. Na iko homa ya mafua yenyewe, iitwayo influenza, ambayo humjia mtu kwa ghafula: asubuhi yu mzima, jioni amelala, homa kali, kichwa chamgonga, mgongo na viungo vyamuuma, na kikohozi kikavu chamsumbua. Hilo si jini wala si jicho la hasidi. Sababu yake ni kijidudu kidogo mno cha jinsi ya virusi, kisichoonekana kwa jicho wala kwa darubini ya kawaida. Madaktari walikaa miaka mingi wasikijue, wakimtuhumu kijidudu mwingine, mpaka mwaka 1933 wataalamu wa London walipokipata katika maji waliyosukutua wagonjwa makooni mwao.

Kijidudu hiki hutoka kwa mtu kwa chafya, kwa kikohozi, kwa maneno na kwa pumzi, na hukaa katika mikono iliyofuta pua. Mtu akiisha kukipata, hukaa siku moja mpaka nne kabla ya kuugua. Naye huanza kuwaambukiza wenzake yapata siku moja kabla hajajihisi kuwa mgonjwa, akaendelea siku tano mpaka saba tangu kuugua, na watoto na watu dhaifu huzidi muda huo. Zingatieni maneno haya, kwani tutayarudia katika hukumu.

Wengi wa wanaopatwa hupona ndani ya wiki moja au mbili, na hapo ndipo watu wanapodanganyika wakasema kwamba mafua hayaui. Basi na tueleze yanavyoua.

Mwenyezi Mungu ameziumba njia za pumzi ndani ya kifua, akaziwekea vinyweleo vidogo visivyoonekana, vyenye kutikisika usiku na mchana, kazi yao kufagia makohozi na uchafu na kuurudisha juu usishuke mapafuni. Kijidudu cha homa ya mafua huwaua wafagizi hawa na kuibabua ngozi laini ya njia zile. Na katika pua na koo za watu wazima hukaa vijidudu vingine, vya jinsi ya bakteria, navyo hukaa pale hata miezi bila ya kumdhuru mwenyewe. Mmoja wao ni nyumokokasi, aliyegunduliwa mwaka 1881 na Louis Pasteur katika Ufaransa na George Sternberg katika Marekani, kila mmoja peke yake. Na mwingine ni stafilokokasi. Hawa ni mfano wa wezi waliokaa barazani wakingoja. Bawabu akiuawa, huingia ndani.

Wakiingia, vile vifuko vidogo vya hewa vilivyomo mapafuni hujaa maji na usaha, na hewa haina njia ya kufikia damu. Tabibu wa Kiislamu Ibn al-Nafis, aliyefariki Misri mwaka 1288, alikwisha kueleza katika zama zake kwamba damu hupita katika mapafu ikakutana na hewa, kisha ikarudi moyoni. Basi vifuko vikijaa usaha, makutano hayo hukatika. Na mtu huyu, ingawa kifua chake chapanda na kushuka, huwa kama aliyezama majini naye yu kitandani pake.

Na kichomi hiki kina njia mbili za kumjia mwenye mafua. Njia ya kwanza ni ya upesi: kijidudu cha mafua chenyewe hushuka mapafuni katika siku za mwanzo, na mgonjwa hushikwa na dhiki ya pumzi kabla homa haijatulia. Njia ya pili ni ya hila: homa hushuka, mgonjwa hukaa kitako, akanywa uji, watu wa nyumbani wakamshukuru Mungu, kisha baada ya siku chache homa hurudi kwa kutetemeka, ubavu ukachoma kila avutapo pumzi, na makohozi yakatoka ya rangi ya manjano, au ya kutu, au yenye damu. Mafua yaliyoondoka kisha yakarudi kwa ukali si mafua tena. Huyo apelekwe kwa daktari siku ile ile.

Na dalili iliyo wazi kabisa ni pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kumi na mbili mpaka ishirini kwa dakika. Akifika thelathini, hiyo ni khatari. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika arubaini, na wa miezi miwili mpaka kutimiza mwaka akifika hamsini, hali kadhalika. Kuhesabu huku hakutaki elimu kubwa, kwataka saa na jicho la mzazi. Midomo ikigeuka rangi ya samawati, au kifua cha mtoto kikibonyea ndani kila apumuapo, hapo hapana kungoja alfajiri. Na mzee mkongwe huenda asipate homa wala asilalamike ubavu. Utamwona amekataa chakula, akili yamchanganyika, hajui saa ya sala. Msiseme ni uzee tu, kwani huenda ni mapafu.

FASILI YA PILI
Katika khabari ya mwaka 1918

Asiyeamini kwamba mafua huua, na aisome khabari ya mwaka 1918. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vyakaribia kwisha, na homa ya mafua ikatoka ikazunguka dunia nzima kwa meli, kwa reli na kwa majeshi. Yakadiriwa kwamba watu milioni 500 walipatwa nayo, yaani kadiri ya theluthi moja ya wanadamu wa wakati ule. Waliokufa, wenye kukadiria kidogo wasema milioni 20, na wenye kukadiria sana wasema milioni 100. Na jambo la ajabu ni kwamba wengi katika waliokufa hawakuwa vikongwe wala wachanga, bali vijana wenye nguvu, wenye kubeba magunia na kuvuta makasia.

Wala maradhi hayo hayakuuruka mwambao wetu. Katika mwaka 2019 ulitangazwa uchunguzi wa madaftari ya serikali ya kikoloni katika mkoa wa Pwani ya Kenya, nao ukaonyesha kwamba katika mwaka ule wa 1918 vifo viliongezeka mara sita kuliko ada, na watu waliokwenda kutaka matibabu wakaongezeka mara tatu. Katika kila watu 1,000 walikufa kiasi cha 25. Mtu na atazame safu za msikiti wake siku ya Ijumaa, akadirie ni nafasi ngapi zingebaki wazi.

Na watu hawa waliuawa na nini? Katika mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walivitazama upya kwa darubini vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa tangu siku zile, vya maiti 58, na wakazisoma taarifa 109 za zamani zenye khabari za maiti 8,398 waliopasuliwa. Walilolikuta ni kwamba wengi wa wale waliokufa hawakumalizwa na mafua peke yake; mafua yaliwafungulia mlango bakteria, na bakteria wakaleta kichomi. Na penisilini wakati ule haikuwako: Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928 katika hospitali ya St Mary's ya London, na wagonjwa hawakupata kutibiwa kwayo kwa wingi mpaka miaka ya 1940.

Basi wazee wetu wa mwaka 1918 walikuwa na udhuru mbele ya Mwenyezi Mungu. Hawakukijua kijidudu, wala hawakuwa na dawa yake, wala chanjo. Sisi tumepewa elimu ile na dawa ile. Je, udhuru wetu utakuwa nini?

FASILI YA TATU
Katika hali ya mgonjwa aliyelazwa hospitali

Twadhani sisi kwamba mtu akiisha kulazwa hospitali amekwisha kuokoka na kila baya, ya kwamba madaktari wamemzunguka na dawa zi karibu. Lakini mtu aliyelazwa ndiye aliye dhaifu kuliko wote kwa kichomi. Yuko aliyepasuliwa tumbo, naye haweze kukohoa kwa maumivu ya kidonda, makohozi yakamkaa kifuani. Yuko aliyelala chali siku nyingi, mapafu yake ya chini hayafunguki vyema. Yuko aliyetiwa mpira kooni wa kumsaidia kupumua, na mpira ule wenyewe huwa daraja ya bakteria. Yuko mwenye kisukari, na mwenye moyo, na mwenye figo, na mwenye pumu, na mja mzito, na mtoto mchanga, na mzee aliyepindukia miaka sitini na mitano. Hawa wote mafua yakiwapata huwa makali kuliko kwa watu wengine. Na juu ya hayo, baadhi ya bakteria wa hospitali wamekwisha kuzizoea dawa, hata dawa ile ambayo ingemponya mtu wa nyumbani haimponyi wa wodini.

Huyu hatoki nje kwenda kuyatafuta mafua. Basi humfikaje? Huletewa. Huletewa na muuguzi aliyeona haya kuomba ruhusa ya kupumzika, na huletewa na mgonjwa wa kitanda cha pili. Na mara nyingi huletewa na sisi, wenye kumpenda.

Tazameni ada yetu. Mtu akilazwa, khabari yatangazwa barazani baada ya sala ya Laasiri, watu kumi au kumi na watano wakaondoka pamoja. Wakaingia wodini wote kwa mara moja, wakakizunguka kitanda, wakamshika mgonjwa mkono mmoja baada ya mmoja, wengine wakakaa kitandani pake, na mmoja wao ana leso mkononi akifuta pua na kusema, haya ni mafua tu. Wakasoma dua, wakaitikia amin, yule mwenye leso akakohoa, wakaenda zao wakiwa na furaha ya thawabu. Siku ya tatu mgonjwa yule, ambaye kidonda chake kilikuwa chapona, akashikwa na homa. Siku ya nane akazikwa. Na wale wale wakaja mazikoni wakasema, siku zake zilikwisha.

Naam, siku zake zilikwisha, wala hapana afaye kabla ya ajali yake. Lakini mwenye kumpiga mtu kwa kisu naye asema hivyo hivyo, na kadhi hamwachi kwa maneno hayo.

FASILI YA NNE
Katika hukumu ya kumzuru mgonjwa mwenye kuzuru naye ana mafua

Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake, na fadhila zake ni nyingi. Hilo hapana alipingalo. Lakini makusudio yake ni nini? Ni kumfariji mgonjwa, kumwombea, kumjua haja zake, na kumkumbusha Mola wake. Wanazuoni wametutajia na adabu zake: asikae sana, asimchoshe kwa maneno, asimkatishe tamaa. Ikiwa kukaa sana kwa mtu mzima mwenye afya kumekatazwa kwa kuwa kwamwudhi mgonjwa, basi kumtia kijidudu cha kumwua kwapasa kukatazwa zaidi.

Mtume wetu (S.A.W.) amekataza mtu kujidhuru na kudhuru wengine, na wanazuoni wa fikihi wakaijenga juu yake kanuni kubwa, kwamba kuzuia madhara hutangulizwa kuliko kuleta manufaa. Tena alimkataza aliyekula kitunguu thomu kibichi asiukurubie msikiti, kwa sababu harufu yake yawaudhi watu. Na harufu ya thomu haijapata kumwua mtu. Wanazuoni wakakisia juu yake kila chenye kuwaudhi wenye kusali. Tena alimwamrisha mwenye ngamia wagonjwa asiwachanganye na ngamia wazima wa mwenziwe. Ikiwa ngamia amepewa hishima hii, na binadamu je? Na yeye mwenyewe (S.A.W.) alikuwa apigapo chafya huufunika uso wake kwa mkono au kwa nguo.

Mtu akisema: Mbona imepokewa vile vile kwamba hapana maradhi ya kuambukiza? Twamjibu kwamba wanazuoni wamelifasiri neno hilo kuwa maradhi hayahami kwa nguvu zake yenyewe, kama walivyoitakidi watu wa Jahiliya, bali huhama kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, naye ndiye aliyekijaalia kila kitu kuwa na sababu. Moto hauunguzi ila kwa idhini yake, wala hapana mwenye akili atiaye mkono motoni akasema nimetawakali.

Akisema: Hii ni kuikimbia kadari ya Mungu. Twamjibu kwa khabari ya Sayyidna Umar. Alipokuwa safarini kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kwamba tauni imeingia Sham. Akashauriana na masahaba, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida akamwuliza, je, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akamwonyesha kwamba wanatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga aliyeshuka katika bonde lenye upande wa majani na upande wa ukame: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari ya Mungu. Na asiyekwenda hospitali kwa sababu ya mafua yake, yeye naye amelisha katika upande wa majani.

Akisema: Basi nitaikosa thawabu. Twamjibu kwamba matendo yahesabiwa kwa nia, na mwenye kuiacha ziara kwa kukhofu asimdhuru nduguye hakuikosa thawabu, bali ameipata kwa njia nyingine. Na amwombee dua akiwa nyumbani kwake, kwani dua haina haja ya kupita mlangoni kwa bawabu. Ampelekee salamu kwa mtu mzima. Ampigie simu. Autazame mlango wa watoto wa yule mgonjwa, wamekula nini. Na huenda haki hii ikawa nzito zaidi katika mizani kuliko kukaa robo saa juu ya kitanda chake.

Na hukumu hii yawashika hata katika msikiti. Ugonjwa ni udhuru wa kutohudhuria jamaa na Ijumaa, na mwenye homa ya mafua akisali Adhuhuri nyumbani kwake hana dhambi. Asijitie ushujaa wa kukohoa katika safu ya kwanza, ubavuni mwa mzee wa miaka themanini.

FASILI YA TANO
Katika mambo yawapasayo wenye majumba

Enyi wanaume, kila mmoja wenu ni mchunga, na ataulizwa juu ya aliowachunga. Kuna mambo matatu ambayo huwaua watu majumbani mwetu kwa kichomi, nayo yote yamo mikononi mwenu.

La kwanza ni kungoja. Mgonjwa huchuliwa kifua kwa mafuta, akafukizwa, akapigwa chuku, akaandikiwa kombe akanywa. Siku zikapita, na pumzi zazidi kuwa mbio. Sisi hatusemi kwamba watu wasiombe dua. Lakini dua haikukataza dawa. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia na dawa yake, na akamwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha atawakali. Mwenye kumnywesha mwanawe kombe na huku amembeba kwenda hospitali, huyo amefunga ngamia. Mwenye kumnywesha kombe akakaa akatazama, ngamia wake yu mbioni.

La pili ni ruhusa. Mwanamke yu mja mzito, amepata mafua, kifua chambana. Na mumewe yu baharini au yu safarini, na jamaa wasema asitoke mpaka mwenyewe arudi au apatikane. Jambo hili halina asili katika dini. Kuiokoa roho hakungoji ruhusa ya mtu. Basi mwenye kuogopa Mungu, kabla hajasafiri, na awaambie watu wa nyumbani mwake mbele ya mashahidi: akiugua mtu, mpelekeni, wala msiningoje, na awaachie nauli na fedha ya matibabu. Maneno haya ni machache, na gharama yake ni ndogo kuliko sanda.

La tatu ni kuzichezea dawa. Penisilini na dawa za jinsi yake huwaua bakteria, wala haziui kijidudu cha mafua. Kwa hivyo mwenye mafua matupu anunuaye vidonge vya dukani kwa shauri la rafiki, amepoteza mali yake na amewafunza bakteria kuizoea dawa. Na mwenye kichomi aliyepewa dawa za siku kadhaa, akaona nafuu siku ya tatu akaziacha, amejiletea shari. Dawa za kukipiga kijidudu cha mafua chenyewe zipo, nazo hufaa zaidi zikianzwa ndani ya siku mbili za mwanzo. Khususan kwa mja mzito, na mzee, na mwenye maradhi ya siku nyingi, na kila aliyelazwa hospitali. Haya yote ni kazi ya tabibu kuyaamua. Na mwezi wa Ramadhani ukimkuta mtu na kichomi, Mwenyezi Mungu amempa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Asiikatae sadaka ya Mola wake akaikosa dawa ya mchana.

Na kabla ya maradhi kuna kinga. Chanjo ya homa ya mafua huhitajiwa kila mwaka, kwa kuwa kijidudu chake hubadilika sura. Haimkingi kila mtu kabisa, lakini huwapunguzia wengi ukali wa maradhi na kulazwa. Iko na chanjo ya nyumokokasi; katika Kenya watoto walianza kupewa mwaka 2011. Na mwenye kunuia Hija asiidharau, kwani kichomi ni katika sababu kubwa za mahujaji kulazwa hospitali huko Makka, na wakuu wa Saudia huwausia mahujaji wachanje mafua kabla ya safari.

KHATIMA

Waislamu wa zamani walikuwa na hospitali zao. Sultani Qalawun aliijenga ya Kairo mwaka 1284, na ndani yake wenye homa walikuwa na mahali pao, wenye macho pao, na wenye majeraha pao. Na Ibn al-Nafis tuliyemtaja aliiachia nyumba yake na vitabu vyake. Kutenga wagonjwa, basi, si jambo la kigeni tuliloletewa na wageni. Ni katika mali yetu tuliyoisahau.

Kwa hivyo twawausia, na nafsi zetu twaziusia kabla yenu: Mwenye homa, au kikohozi, au kamasi, asiende kuzuru wodini mpaka apone, hata mgonjwa akiwa mzazi wake, ila kwa dharura na kwa idhini ya wauguzi, naye amefunika pua na mdomo. Mwenye afya naye aende, lakini waende wawili wawili, wasikae kitandani, waoshe mikono wakiingia na wakitoka, na wakae muda mfupi. Wamsaidie mgonjwa kuinuka, daktari akiruhusu, kichwa kiinuke na kifua kifunguke. Na wasisahau kumchukulia mswaki. Kwani madaktari wameona kwamba mgonjwa asafishwaye kinywa hupungukiwa na kichomi cha hospitali, na mswaki ni sunna tuliyokuwa nayo tangu zamani. Mwenye kumkalisha mgonjwa wake na kumsafisha kinywa amemzuru ziara iliyo kamili.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu walio majumbani na walio hospitalini. Wafungulie vifua vyao wavute pumzi kwa raha. Warehemu waliokufa kwa maradhi haya, wa zama zile na wa zama zetu. Wape nguvu madaktari na wauguzi wenye kukesha. Na utujaalie tuwe wenye kuwapelekea ndugu zetu faraja, usitujaalie kuwa wenye kuwapelekea mauti. Amin.

Wa billahi tawfiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.